Sayansi ya misimu yetu: vitu vya kufanya na vijana hapa Mombasa

Ukitafuta kwa simu majaribio ya sayansi ya misimu unaletewa theluji na majani yanayogeuka rangi, sasa kijana wa Kisauni atayafanyia wapi hayo? Sisi tuna pepo za kaskazi na kusi, tuna mvua ya mwaka (yaani masika) na vuli, tuna jua la utosini na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Haya hapa nayafanya na vijana wa mtaani, gredi saba mpaka fomu foo, na karibu yote hayataki pesa.

Naanza na ninalolipenda zaidi, siku ya kukosa kivuli. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta kwa hiyo jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, tarehe 10 Machi hivi na tena tarehe 3 Oktoba hivi. Chukua mti wa ufagio wa mita moja, usimamishe ndani ya ndoo ya mchanga, hakikisha umenyooka kwa uzi uliofungwa jiwe kama timazi ya fundi. Hapa sasa ndipo watu hukosea. Mwaka wa kwanza tulitoka saa sita kamili tukakuta kivuli kipo, karibu sentimita 14, kimelalia magharibi, na watoto wakaanza kurudi ndani wakisema ni uongo. Kumbe saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki na sisi tuko kwenye 39.7, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika 21, halafu mwezi wa tatu mzunguko wa dunia wenyewe unaongeza kama 10 nyingine. Kwa hiyo Machi toka yapata saa sita na nusu, Oktoba saa sita na dakika 10. Fika robo saa kabla, tia alama ya choki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na asitazame mtu jua kwa macho.

Weka na bilauri kando. Kivuli chake kinajivuta, kinajivuta, mpaka kinaingia chini ya kitako. Binti mmoja wa gredi nane alichuchumaa akaizunguka mara mbili akaniuliza, "Sasa kimekwenda wapi, ami?" Usimjibu haraka, mpe karatasi achore jua liko wapi.

Wa fomu tatu na foo wampigie binamu aliye Nairobi, siku hiyohiyo naye apime kivuli chake kifupi kabisa cha mti wa mita moja. Atapata karibu sentimita 4.8, yaani pembe ya digrii 2.76 hivi. Kutoka kaskazini hadi kusini (sio barabara ya basi!) tofauti yetu ni kama kilomita 307, zidisha kwa 360 gawanya kwa 2.76, unapata karibu kilomita 40,000, huo ndio mzingo wa dunia. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale, alifanya hesabu ya namna hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kosa la milimita moja tu linakupeleka kombo kilomita 800 na zaidi, kwa hiyo wapime wote, kila mtu aandike chake, halafu mchukue wastani.

Machi hiyohiyo ni wakati mzuri wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, maana karibu na ikwinoksi (usiku na mchana vinapolingana) maji hujaa na kupwa zaidi. Chagua ngazi au ukuta pwani, pima maji yanafika wapi siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kisha rudi baada ya wiki moja wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, maji mafu ni kama mita moja, na wasioamini waende Likoni wakaangalie mteremko wa kuingilia feri unavyobadilika. Kwetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne au saa tano hivi asubuhi kwa hiyo vijana wanaweza kwenda mchana mweupe, ila na mtu mzima, na wageuke mapema maana maji yakianza kurudi hayangoji mtu.

Mvua ya mwaka ikianza, likizo ya Aprili, kata chupa ya soda ya lita mbili juu kidogo, geuza ile shingo iwe kama faneli, tia kokoto na maji mpaka pale chupa inaponyooka, hapo ndipo sifuri, bandika rula. Soma saa tatu asubuhi kila siku halafu urudishe maji kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo paa la mita 10 kwa 8 mvua ya milimita 20 inakupa lita 1,600, mitungi 80 ya lita ishirini, na kwa mtaa unaonunua maji kwa mkokoteni hesabu hiyo watoto wanaipeleka nyumbani wenyewe. Karibu na chupa funga kitambaa cha leso kuukuu kwenye mti, waandike upepo watoka wapi, wataona siku ambazo kaskazi inalegea, upepo unayumbayumba, halafu kusi inashika kutoka kusini-mashariki.

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote lakini msiache kuandika ikipita, endeleeni mpaka vuli, na ule mti wa ufagio usitupwe, tarehe 3 Oktoba unatakiwa tena.