Bei ya haki ya SEO: namna ya kumpima mtoa huduma kabla hujamlipa

Omba bei kwa watoa huduma watatu hapa Kampala na si ajabu ukapata majibu haya: mmoja anataka shilingi 250,000 kwa mwezi, wa pili milioni 1.5, wa tatu anahesabu kwa dola. Wote wameandika neno lilelile, SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji wa Google. Hapo huwezi kusema nani ghali na nani rahisi, maana bado ni mbuzi ndani ya gunia. Unacholipia ni saa za watu: kuikagua tovuti, kuirekebisha, kuandika kurasa, kutafuta viungo (linki) kutoka tovuti nyingine. Nafasi yenyewe haiuzwi. Google haipokei pesa ili kupandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama. Kwa hiyo akikuambia sehemu ya ada yake "inakwenda Google", muulize kama anazungumzia matangazo. Akisema hapana, mazungumzo yameisha.

Anza na mteja wako, si na bei

Mwenye saluni Ntinda na mwenye kampuni ya kupeleka watalii Bwindi hawahitaji huduma moja, hata kama wote wana tovuti ya kurasa sita. Mteja wa saluni yuko umbali wa boda boda. Anaandika anachotaka kwenye simu, anaona ramani, anapiga. Google husema wazi kwamba matokeo ya mahali hutegemea mambo matatu: biashara inalingana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Kazi kubwa hapo ni Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara yako unaoonekana kwenye ramani ya Google, na huduma hiyo ni ya bure. Unaweza kuifanya mwenyewe kwa siku moja: andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha duka, chagua aina sahihi ya biashara, weka saa za kufungua, namba ya simu ileile iliyo kwenye tovuti, na picha halisi za mlangoni na ndani. Usiongeze maneno kama "bei nafuu Kampala" kwenye jina. Ni kinyume cha masharti ya Google na wasifu unaweza kusimamishwa, halafu utalipa mtu akusaidie kuurudisha.

Pini ya ramani ishughulikie kwa makini zaidi, hasa kwa kuwa maduka mengi yetu huelekezwa kwa jengo, steji au kituo cha mafuta, si kwa namba ya mtaa. Simama mlangoni, fungua ramani, vuta pini mpaka ikae juu ya lango lenyewe. Kwa duka lililo ghorofani Kikuubo, andika jina la jengo, ghorofa na namba ya chumba kwenye sehemu ya anwani. Pini ikikaa barabara ya pili, mteja atafika kwa jirani yako.

Kampuni ya utalii ni habari nyingine. Anayetafuta safari ya sokwe yuko Ujerumani au Marekani, na ukurasa wako unashindana na kampuni za Kigali, Nairobi na London ambazo zimeandika juu ya jambo hilohilo kwa miaka. Hapo kurasa nzuri na viungo vinahitajika, na miezi mingi. Bei kubwa ina sababu. Mwenye saluni akipewa bei ya namna hiyo, hana sababu ya kuikubali.

Kagua mwenyewe kabla hujamwita mtu

Mengi yanayouzwa kama "ukaguzi wa awali" unaweza kuyaona bila kulipa. Fungua Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, kwa barua pepe ya biashara na uithibitishe tovuti. Aliyeitengeneza tovuti atakusaidia kuweka rekodi inayotakiwa kwenye domeni, yaani jina la anwani ya tovuti. Baada ya wiki chache utaona maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi tovuti yako ilionekana, na mara ngapi ilibofywa. Takwimu huhifadhiwa kwa miezi 16, kwa hiyo kadiri unavyoifungua mapema ndivyo utakavyokuwa na cha kulinganishia baadaye. Angalia pia orodha ya kurasa ambazo hazijaingizwa kwenye Google, pamoja na sababu zake.

Kosa moja la kuchekesha, isipokuwa kwa anayelilipia: ndani ya mipangilio ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwenye sehemu ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, tovuti inafunguliwa kwa umma, na kisanduku kinasahaulika. Tovuti inakaa mwaka mzima bila kuonekana. Kuiondoa alama hiyo ni kazi ya dakika moja, na wapo wanaoitoza kama mradi.

Kisha ipitishe tovuti kwenye PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, upande wa simu. Namba tatu ndizo za kutazama: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa vitu isizidi 0.1. Tovuti nyingi ndogo huanguka kwenye ile ya kwanza, na mara nyingi chanzo ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ina MB 4 na upana wa pikseli 4,000, wakati kioo cha mteja kinahitaji pikseli 800 hivi. Ipunguze upana, ihifadhi kama WebP (aina ya faili jepesi la picha), na itashuka hadi KB 100 au 150. Ukurasa wenye picha kumi za namna ile unamtafuna mteja MB 40 za bando, na bando lenyewe limeshatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Ataufunga kabla haujafunguka.

Ukishafanya hayo, unaweza kugundua kwamba unachohitaji ni fundi wa siku mbili, si mkataba wa mwaka.

Ipasue bei

Mtake kila mtoa huduma aandike kazi, saa na bei, kila kimoja kwenye mstari wake. Kuna kazi za mara moja: ukaguzi, marekebisho ya kiufundi, mpangilio wa kurasa na vichwa vyake. Na kuna kazi za kila mwezi: kurasa mpya, kuboresha za zamani, viungo, ripoti. Kazi za mara moja zikitozwa kila mwezi, uliza mwezi wa nne anafanya nini.

Sasa piga hesabu. Tuseme anataka shilingi 1,500,000 na ameandika saa 30. Hiyo ni shilingi 50,000 kwa saa, na unaweza kuipima kwa unavyomlipa mhasibu au fundi wa kompyuta. Yule wa 250,000 ameahidi makala nane na viungo 200 kwa mwezi. Makala moja ya maana, yenye maneno 1,000 na utafiti wake, huchukua saa nne hadi sita. Tuseme tano: makala nane ni saa 40, bila kugusa viungo. Ukigawa, inatoka shilingi 6,250 kwa saa. Hakuna mtu aliyekaa akaziandika. Zimemwagwa na mashine bila kuhaririwa, au zimenakiliwa. Machi 2024 Google iliimarisha sera yake dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, na haijali kama yametoka kwa mashine au kwa mkono. Viungo vya kununua kwa mafungu vina historia ndefu zaidi. Tangu sasisho la Google liitwalo Penguin, la 2012, vimekuwa vikiziangusha tovuti. Kuvisafisha baadaye hugharimu kuliko vilivyonunuliwa.

Viungo vya halali hupatikana polepole na kwa sababu inayoeleweka: orodha ya wanachama wa chama chako, kama AUTO, chama cha waendesha utalii Uganda, kwa kampuni za utalii; tovuti ya kiwanda ambacho wewe ni wakala wake; gazeti lililoandika habari yako; shule uliyoiuzia mitambo ya sola na ikakubali kulieleza hilo. Viwili au vitatu kwa mwezi ni kazi nzuri. Muombe akuonyeshe mifano ya viungo alivyopata kwa wateja wengine, uvifungue mwenyewe. Ukikuta ukurasa wenye makala za kamari, viatu na dawa za nywele vikiwa pamoja, umeshajua.

Baadhi hutoza ada ya "zana". Programu za kuchunguza maneno na viungo, kama Ahrefs na Semrush, ni ghali kweli, mara nyingi zaidi ya dola 100 kwa mwezi, lakini usajili mmoja huhudumia wateja wengi. Usibebeshwe wote peke yako.

Usisahau kodi. Uliza kama bei ina VAT ndani: milioni 1.5 ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 1,770,000. Kama biashara yako haijasajiliwa kwa VAT, tofauti hiyo hairudi. Mtoa huduma anayetakiwa kutumia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), akupe ankara ya EFRIS, kwa sababu bila hiyo URA inaweza kukataa kuhesabu malipo hayo kama gharama ya biashara. Ukimlipa mtu wa nje ya nchi, muulize mhasibu kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kutia saini, si baada.

Halafu pima kwa upande wako. Duka la vifaa vya sola likipata faida ya shilingi 120,000 kwa kila mauzo, linahitaji mauzo 15 ya ziada kila mwezi ili tu kuirudisha ile 1,770,000. Kama katika kila watu kumi wanaopiga simu wawili hununua, hizo ni simu 75. Fungua Search Console uone kama maneno yanayohusu bidhaa zako yanatafutwa kiasi hicho. Kama hayafiki, bei hiyo inaweza kuwa ya haki kwa mwingine na ikawa hasara kwako.

Ahadi za nafasi ya kwanza

Google yenyewe huwaonya wafanyabiashara kwamba hakuna anayeweza kudhamini nafasi ya kwanza. Bado utaiona kwenye karatasi: "nafasi ya kwanza kwa maneno 10". Soma maneno hayo. Mara nyingi mawili ni jina la kampuni yako, ambalo ungepanda nalo bila kufanya lolote, na mengine ni marefu mno kiasi kwamba hakuna anayeyaandika. Dai maneno yachaguliwe kutoka orodha yako ya Search Console, na uone kwa mwezi yanaonekana mara ngapi. Wala usipime kwa kutafuta kwenye simu yako mwenyewe. Matokeo hubadilika kulingana na ulipo, na kwa duka lako wewe ndiye uliye karibu kuliko wote.

Kuhusu muda, mwongozo wa Google unataja miezi minne hadi mwaka tangu kazi ianze mpaka faida ionekane. Anayeahidi wiki mbili anauza kitu kingine.

Funguo zibaki kwako

Domeni, iwe .ug, .co.ug au .com, isajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe ya biashara, si ya wakala wala ya mpwa aliyesaidia. Kwenye Search Console wewe uwe mmiliki, yeye awe mtumiaji tu. Kwenye Google Business Profile yeye awe meneja. Nywila ya kampuni inayohifadhi tovuti (hosting) iwe kwako, naye mtoa huduma wa SEO afunguliwe akaunti yake ndani ya tovuti. Jambo hili ni dogo siku mnapopatana, ila likikosewa utalazimika kujenga upya siku mnapoachana, na bei yoyote uliyookoa itaishia hapo.

Mkataba na miezi ya kwanza

Miezi mitatu au minne inatosha kuanzia, na kila upande uwe na haki ya kuvunja kwa notisi ya siku 30. Kazi za mara moja lipa nusu mwanzoni na nusu zikikamilika. Za kila mwezi lipa mwisho wa mwezi, baada ya ripoti. Thibitisha jina la biashara yake kwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na ukilipa kwa simu, malipo yaende kwenye namba ya biashara badala ya namba ya mtu.

Ripoti iwe na mibofyo isiyotokana na jina lako, simu na jumbe za WhatsApp zilizotoka kwenye tovuti, kazi zilizofanyika pamoja na anwani za kurasa, na viungo vilivyopatikana. Kurasa 30 za grafu za rangi hazihitajiki. Linganisha na mwezi uleule wa mwaka uliopita: muuza sare za shule atapanda Januari kabla ya muhula wa Februari hata SEO ikiwa imelala, na kampuni ya watalii itashuka wakati wa mvua.

Mwezi wa kwanza usitegemee wateja wapya. Tegemea orodha ya makosa na tarehe yaliporekebishwa. Mwezi wa pili na wa tatu, ile safu ya mionekano kwenye Search Console inapaswa kuanza kupanda kwa maneno mliyokubaliana, hata kama mibofyo bado. Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu mionekano imetulia palepale na hawezi kukuonyesha ukurasa hata mmoja alioubadilisha, mpe notisi, ondoa akaunti zake, na ubadilishe nywila siku hiyohiyo.