Mikono inachomachoma baada ya kuzamia: la kufanya tangu chomboni mpaka hospitali

Mzamiaji amepanda chomboni, amevua mtungi, na baada ya robo saa anasema mikono inamchomachoma kama iliyolaliwa. Haumwi, anacheka, anataka kuzamia mara ya pili. Msimzamishe tena. Hali hiyo ihesabiwe kuwa ni ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi mwilini, mpaka daktari aseme sivyo, hata kama kompyuta ya kuzamia haikulia hata mara moja. Kompyuta inakadiria, haijui kwamba jana hukulala wala kwamba umeshinda juani bila maji.

Mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu ya lile la juu ya maji, na naitrojeni, gesi iliyo katika hewa unayovuta, inayeyuka kwenye damu na nyama kwa kiasi hichohicho. Ukipanda haraka inatoka kwa viputo, na viputo vikigusa neva au uti wa mgongo, dalili ya kwanza yaweza kuwa ganzi tu.

Hatua ya 1: Oksijeni, kabla ya maswali marefu

Mpe oksijeni safi, lita 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko na vali ya kuzuia hewa kurudi. Jaza mfuko kwanza kwa kuziba vali ya ndani kwa kidole, ndipo umvishe. Mfuko ukinywea kabisa anapovuta pumzi, ongeza mtiririko au kaza barakoa. Kosa la kawaida ni barakoa kukaa vibaya juu ya ndevu au kuvishwa juu ya miwani, hewa ya kawaida ikapenya pembeni na oksijeni ikaenda bure.

Piga hesabu kabla hamjang'oa nanga Tanga. Mtungi wa lita 3 uliojazwa bar 200 una lita 600; kwa lita 15 kwa dakika, ni dakika 40 tu. Kama mnakozamia ni mwendo wa saa nzima kutoka gatini, mtungi mmoja hautoshi; bebeni miwili, na geji isomwe asubuhi ileile. Vali isiguswe kwa mikono yenye mafuta au grisi, sigara izimwe, na dumu la petroli lisogezwe mbali.

Hatua ya 2: Alale

Alale chali, kivulini, bila kuinuliwa miguu. Akitapika, alazwe ubavu. Kama ana fahamu zake na hana kichefuchefu, anywe maji au ORS kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa ya kwanza. Asipewe pombe, wala dawa ya maumivu, maana itaficha dalili ambazo daktari anazihitaji.

Hatua ya 3: Mpime na uandike

Oksijeni ikiendelea, mwulize jina lake, siku na mahali alipo. Afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Atabasamu: je, pande zote za uso zinapanda sawa? Atoe ulimi, apandishe mabega ukiyakandamiza, akubane vidole kwa mikono yote miwili. Pitisha kidole mikononi, kifuani na miguuni, kulia na kushoto, naye aseme wapi hapasikii vizuri. Mwulize kama amekojoa: kushindwa kukojoa ni ishara ya uti wa mgongo, na watu wengi huona haya kuitaja. Kusimama macho yamefumbwa msimpime chomboni, mawimbi yatawadanganya. Ngojeni nchi kavu.

Rudia kila nusu saa. Andika saa dalili ilipoanza, kina, muda wa chini, jinsi alivyopanda, na saa oksijeni ilipofunguliwa. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache, na karibu zote ndani ya saa 24.

Hatua ya 4: Sababu nyingine, bila kuzima oksijeni

Mikanda ya jaketi iliyokazwa mno mabegani, mikono ya suti inayobana, au kubeba mtungi bega moja huleta ganzi inayofuata neva moja, mara nyingi kidole cha mwisho na cha pete, na hupungua mara tu unapolegeza. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini, huacha alama na muwasho wa moto ngozini. Kuhema haraka kwa hofu hutekenya mikono yote miwili pamoja na midomo. Ganzi ya viputo haina adabu hiyo: yaweza kushika kiraka cha mkono, kuhama, au kuja na uchovu usioeleweka.

Ikitulia baada ya oksijeni, msiseme amepona. Oksijeni yaweza kutuliza viputo, kisha dalili ikarudi usiku.

Hatua ya 5: Simu, kisha safari

Pigeni simu ya dharura ya DAN (Divers Alert Network, shirika linalosaidia wazamiaji), namba iwe imeandikwa ndani ya sanduku la oksijeni. Tanga, fikeni hospitali ya Bombo, mkamwombe daktari azungumze na daktari wa DAN kwa simu hiyohiyo, na mumkabidhi karatasi yenu. Mwambieni ukweli wote, hata kama mtu alikuwa akisaka majongoo ya baharini huku akivuta hewa kwa mpira wa kompresa. Daktari si ofisa uvuvi.

Ikihitajika chemba ya shinikizo, yaani chumba maalumu cha kutibia ugonjwa huu, msiondoke kabla ya kuhakikisha kwa simu kwamba inafanya kazi na ina mtaalamu. Mkienda kwa ndege ndogo, rubani aombwe asipite mita 300 juu ya bahari, na oksijeni isikatwe njiani.

Kumrudisha mgonjwa chini ya maji na mtungi wa hewa "ili viputo vitulie" ni hatari: anaongezewa naitrojeni, na akizimia huko chini atakufa maji.

Tahadhari moja ya Tanga: barabara ya Mombo kwenda Lushoto inapanda hadi takriban mita 1,400, na Arusha ni karibu urefu huohuo. Kwa mwili wenye viputo ni sawa na kupanda ndege. Hata mzima asubiri angalau muda wa saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na 18 kama amezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Mwenye dalili asipande kabisa mpaka daktari amruhusu, na ni daktari huyohuyo atakayesema lini arudi majini.