Jinsi ya kuijua sukari kwa kuivunja uone imetoa nini

Ukiwa na unga mweupe mbele yako, unajua ni disakaridi (sukari ya vipande viwili vilivyoungana) ila hujui ni ipi, usianze kubahatisha, ivunje vipande vyake. Ila kabla hujavunja chukua kidogo uipime na Benedict kwanza (ile dawa ya bluu yenye shaba), chemsha kwenye maji moto dakika 3 hadi 5, ikigeuka rangi ya tofali ujue imeibadilisha shaba yenyewe bila kusaidiwa, fikiria maltosi au laktosi. Ikibaki bluu fikiria sukrosi (na trehalosi, hiyo watu huisahau kila siku).

Sasa kuvunja. Sampuli ml 2 hivi, matone kadhaa ya HCl (asidi ya haidrokloriki) hafifu, maji moto dakika kama 5, alafu iache ipoe. Hapa ndo wengi tunaharibu, mi niliwahi kumimina Benedict moja kwa moja kwenye asidi, bluu ikabaki bluu, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba siyo sukrosi, kumbe ndo yenyewe! Benedict haifanyi kazi kwenye asidi, kwa hiyo weka sodiamu baikaboneti kidogo kidogo, itatoa povu chwaaa, endelea mpaka ukiongeza haitoi tena.

Haya, ile iliyobaki bluu mwanzo umeipima tena na Benedict na sasa imegeuka, lakini hiyo inakwambia tu imevunjika, haikwambii imetoa nini. Sukrosi inatoa glukosi na fruktosi, trehalosi inatoa glukosi 2, kwa hiyo unamtafuta fruktosi kwa Seliwanoff, yaani resosinoli na HCl, akiwepo unaona wekundu wa cheri ndani ya dakika 1 au 2. Usizidishe kuchemsha maana hata glukosi mwishowe inaanza kupata wekundu wa uongo.

Maltosi nayo ni glukosi 2, laktosi ni glukosi na galaktosi. Hapo unamtafuta galaktosi, chemsha na asidi kali ya nitriki, ndani ya kabati la kuvuta moshi tafadhali, ule moshi wa kahawia si wa kuchezea, alafu iache ilale mpaka kesho. Ukikuta fuwele nyeupe chini ya tyubu hiyo ni asidi ya musiki, galaktosi alikuwepo, glukosi peke yake haiachi kitu kwasababu asidi yake inayeyuka.

Osazoni (fuwele za njano unazopata ukichemsha sukari na fenilihidrazini) baada ya kuvunja usihangaike nayo, glukosi na fruktosi zinatoa ileile. Ifanye kabla ya kuvunja, uangalie kwa hadubini, maltosi inakuja kama petali za alizeti na laktosi kama vimipira vya pamba.