Jinsi ya kuishi na mtu ambaye unachokiona wewe ni kosa, kwake siyo kosa

Huku Mtwara sahivi tumechanganyika, kuna waliokuja na gesi, waliokuja kufundisha, waliofuata korosho wakaoa hukuhuku, na ugomvi mwingi nnaousikia ni huyu anamwona yule hana adabu na yule anamwona huyu ana roho mbaya. Nawapa njia nnayoitumia mimi.

Kwanza punguza kumuuliza mtu "kwa nini hili ni baya", maana atakutafutia sababu papo hapo na mara nyingi siyo iliyomkera. Hisia inatangulia, sababu inafuata nyuma inakimbia. Jonathan Haidt, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake wawili walitoa utafiti 1993, waliwapa watu wa Philadelphia kule Marekani na wa Recife na Porto Alegre kule Brazili visa kama hiki: mama kachana bendera ya taifa iliyochakaa kasafishia choo. Wanachuo wa Philadelphia wengi wakasema hajamuumiza mtu, mwacheni, ila watu wa hali ya chini Recife wakasema kakosa. Na tofauti ya wasomi wenye nacho na wasio nacho ilizidi ya mji na mji, kwahiyo usikimbilie "wazungu wako hivi", hata jirani yako mnaweza kupishana.

Badala yake sikiliza kinachomuuma ni kipi: kuna mtu kaumizwa, kuna dhulma, kuna kuwasaliti wenzake, kuna kumdharau mkubwa, au kuna unajisi. Hayo matano Haidt anasema binadamu wote tunayo ila uzito tunaoupa haulingani. Mfano panya wa shamba, kuna nyumba huku anabanikwa na ni kitoweo safi kabisa, nyingine ukimtaja tu watu wanasukuma sahani. Sasa we ukianza kumwelezea mtu protini unapoteza muda, yeye yuko kwenye unajisi na protini haihusiani.

Halafu angalia kwao walikuwa wanakulaje, yani riziki ilipatikanaje na nani alimtegemea nani. Joseph Henrich, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake walichezesha mchezo kwenye jamii 15 ndogondogo, wakiwemo Wahadza wetu wa Ziwa Eyasi: unapewa hela ugawane na mtu usiyemjua, akikataa mgao wako wote mnakosa. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia inajitegemea, walitoa kama robo na karibu wote wakapokea bila neno. Walamalera wa Indonesia wanaovua nyangumi, kazi ambayo peke yako huiwezi, walitoa zaidi ya nusu. Hakuna mchoyo hapo, kila mtu kafuata maisha yaliyomlea.

Hapa kwetu shida kubwa ni mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama, kwahiyo jamaa malipo ya korosho yakiingia benki anatuma kwanza ada ya mtoto wa dada yake wakati nyumba yake bado makuti, na mke wa kutoka bara analia kwamba anadhulumiwa. Mke kaona dhulma, mume anaogopa usaliti, wanabishana mambo mawili tofauti bila kujua! Mume muulize hivi: usingetuma, nani angekusema? Akishawataja hao watu utaelewa. Mke naye muulize kwao nani alimsomesha. Wakishamaliza hapo ndo mpange bati na ada kwa kalamu na karatasi, siyo kabla.

Ila kuelewa siyo kukubali, binti akiachishwa shule aolewe hapo usikae kuchambua mila, nenda ustawi wa jamii.

Mambo yakigoma mtafute mtani, atasema yale ambayo ndugu hawawezi kusema na watu watacheka. Na usianzishe mazungumzo haya wiki ya malipo ya korosho, subiri hela iishe watu wapoe.