Kijana amelazwa: namna ya kumlindia usingizi wodini

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Wodini ni vigumu kuzipata, na kelele si sababu pekee. Mtu akibalehe, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, kwa hiyo wengi hawasinzii mpaka mnamo saa 5 usiku. Wodi nayo huamka alfajiri: taa, vipimo, dawa, usafi, kisha raundi ya madaktari. Ukimlazimisha alale saa 2 usiku atabaki anagaagaa kitandani akiwaza ugonjwa wake. Afadhali umtafutie kipande kimoja cha usiku kisichokatizwa, tuseme saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ukilinde hicho.

Kipande hicho hupangwa na nesi wa usiku, mara tu wanapomaliza kupokezana zamu. Muulize nesi huyo ni saa ngapi kijana atapimwa, ana dawa zipi za usiku, na dripu itaisha saa ngapi. Mara nyingi joto, mapigo ya moyo na presha hupimwa kila baada ya saa 4. Hali ikiwa imetulia, daktari anaweza kuruhusu kipimo cha usiku wa manane kirukwe, au kifanywe pamoja na dawa ili kijana aamshwe mara moja tu. Lakini usiku wa kwanza baada ya upasuaji, akiwa ameumia kichwa, anaongezewa damu au homa inapanda, mwache aamshwe kila inapobidi. Usingizi uliopotea atafidia mchana.

Zitazame dawa zenyewe pia. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi za kutuliza uvimbe mwilini, hukosesha usingizi; kama ni dozi moja kwa siku, uliza kama inaweza kutolewa asubuhi. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, ikitolewa jioni itamwamsha kukojoa, na salbutamoli, dawa ya pumu, huweza kumfanya atetemeke na moyo umwende mbio. Usihamishe saa za dawa kwa uamuzi wako. Ya maumivu ndiyo inayosahaulika zaidi: ya kumeza huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, hivyo akiwa ameandikiwa, omba apewe mnamo saa 4 usiku, asingoje mpaka maumivu yamwamshe.

Kisha kuna pampu ya dripu, adui mkubwa wa usiku. Kanula, yaani kimrija cha plastiki kilichoingizwa kwenye mshipa, ikiwa karibu na kiwiko, kijana akikunja mkono usingizini mrija hubanwa, maji hayapiti, na mashine inalia. Hulia pia mfuko ukiisha, hewa ikiingia kwenye mrija au betri ikipungua. Kabla taa hazijazimwa, nyoosha mkono wake juu ya mto mdogo, fuata mrija kwa kidole toka mfukoni hadi kwenye kanula uone haukulaliwa wala kubanwa na reli ya kitanda, na hakikisha waya wa pampu umechomekwa ukutani. Kama mfuko utaisha saa 8 usiku, mkumbushe nesi mapema. Mashine ikilia usibonyeze kitu, mwite. Na kijana akisema penye kanula panauma, au ukiona pamevimba au pamekuwa pekundu, hilo si la kungoja asubuhi.

Klipu ya kupimia oksijeni nayo hulia bure kidole kikiwa baridi, kucha zikiwa na rangi, au ikiwa imelegea. Futa rangi, pasha mkono joto, na umwombe nesi aihamishie kidole kingine.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele za usiku katika vyumba vya wagonjwa zisizidi desibeli 30. Wodi nyingi huzidi hapo kwa mbali. Vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho husaidia kweli, mradi nesi ajue amevivaa na masikio yenyewe hayaumwi.

Simu usimnyang'anye, ndiyo inayomuunganisha na wenzake. Kubalianeni iwekwe mbali na mkono saa 4 na nusu usiku, na kama anataka kusikiliza kitu, iwe sauti tu. Kabla ya hapo, mnamo saa 3, muulize kinachomkera na mwandike pamoja maswali ya kumuuliza daktari kesho. Wengi hukesha kwa sababu ya jambo ambalo hawakuthubutu kulitamka mbele ya raundi nzima.

Mchana fungua pazia mara anapoamka, na akiweza akae kwenye kiti badala ya kitandani. Hali ikishatulia, usingizi wa mchana uwe wa nusu saa na uishe kabla ya saa 9 alasiri. Siku za mwanzo za ugonjwa mwache alale atakavyo. Chai, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie asubuhi, kwani hata baada ya kama saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Kuna usingizi mmoja usiopaswa kulindwa. Kijana akiwa amepewa mofini, dawa kali ya maumivu, au dawa ya jamii yake, kisha ukaona anapumua polepole mno, anakoroma huku pumzi ikikatika, au haamki vizuri unapomwita na kumtikisa bega, ita nesi hapo hapo.