Kukaa mapokezi kwenye kliniki ya wanyama: vitu vya kujua kabla hujashika simu

Wengi wanadhani kazi hii ni kupenda mbwa na paka basi. Kupenda kunasaidia, ila muda mwingi ni simu, mafaili na pesa, na mgonjwa wako hasemi anaumwa wapi, kila kitu unakitoa kwa mwenye mnyama ambaye saa hiyo ameshapaniki.

Tuanze na simu maana hapo ndo pagumu. Kabla hujamwambia mtu "njoo kesho saa nne" uliza kwanza: mnyama gani, dume au jike, ana umri gani, imeanza lini, anakula, anakojoa? Hilo la kukojoa usiliruke, hasa kwa paka dume. Utaskia "paka wangu nadhani amefunga choo, kila saa anachuchumaa anajikamua hakitoki kitu", kumbe ni mkojo umeziba, na huyo akiachwa siku moja mbili anaweza kufa, kwa hiyo aje sasa hivi. Mbwa mkubwa tumbo limevimba gafla anataka kutapika hatoi kitu, sasa hivi. Anayehema kwa shida, aliyegongwa na gari, mwenye degedege isiyokata, jike anasukuma na mtoto hatoki, paka aliyepewa parasetamoli hata kipande tu, wote hao hawasubiri nafasi, na we mwambie daktari kabla hawajafika ili ajiandae.

Majibu yaandike vile alivyosema mtu. "Katapika mara tatu tangu asubuhi, povu la njano" inamsaidia daktari, "shida ya tumbo" haimsaidii kitu. Na usimtajie mtu dozi kwenye simu hata kama dawa unaijua kwa jina na rangi, hiyo si kazi yako. Akipiga mtu kang'atwa na mbwa, mwambie aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu aende hospitali ya watu siku hiyohiyo asingoje kuona mbwa ataugua au la, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo.

Faili sasa. Tafuta kwa namba ya simu ya mwenyewe, usitafute kwa jina la mnyama, maana wanyama wengi wanaitwa jina moja na ukifungua faili la mwingine dawa inaenda kwa asiyehusika. Uzito upimwe kila anapokuja na uandikwe kwa kilo, dozi inapigwa kutokana na huo, na mtoto wa mbwa wa mwezi uliopita si yule wa leo. Namba ya chipu (kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama ili atambulike) huwa na tarakimu 15, ikopi kutoka kwenye skana moja moja halafu irudie kwa sauti. Chanjo andika jina, tarehe, namba ya bachi (ya toleo, iko kwenye chupa) na tarehe ya kurudi. Watoto wa mbwa wanaanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, wanarudia kila wiki 2 mpaka 4 hadi wafike wiki 16, kwa hiyo mpe tarehe zote palepale kabla hajatoka mlangoni, ukisema "tutakupigia" wengi ndo wanapotelea hapo.

Mnyama akifa badilisha faili siku hiyohiyo. Hakuna kitu kinachouma kama mtu kazika mbwa wake halafu mwezi unaofuata anapata meseji "Habari! Chanjo ya mpenzi wako imekaribia" 😔

Ratiba usiijaze mpaka pomoni, acha nafasi mbili tatu wazi kwa dharura, zitajaa zenyewe. Wa operesheni mtumie meseji siku moja kabla: mbwa na paka waliokomaa kwa kawaida hawali usiku ule, ila sungura asishindishwe njaa kabisa, yeye hatapiki na tumbo lake likisimama ni tatizo jingine. Wadogo sana muulize daktari. Paka wakae mbali na mbwa, vikapu vyao juu ya kiti si sakafuni. Mtoto wa mbwa anayehara damu asiingie kusubiri na wenzake, abaki kwenye gari au nje mpaka chumba kiwe tayari, kirusi cha parvo, kinacholeta kuhara huko, kinakaa sakafuni miezi na sabuni ya kawaida haikiui.

Pesa ziongelewe mapema jamani. Makadirio kwa maandishi, fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya nusu kaputi, na gharama ikipanda katikati mpigie mwenyewe muda huohuo usimsubiri na bili mlangoni. Anayeleta mnyama wa kupumzishwa (kuchomwa sindano afe bila maumivu) mpangie saa tulivu, malipo na sahihi viishe kwanza ili akitoka huko ndani apitilize tu aende nyumbani.

Friji ya chanjo iwe nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, soma asubuhi na jioni uandike, chanjo zisikae kwenye mlango wa friji na chakula chako cha mchana kitafute pengine. Dawa kama ketamini (ya usingizi) zinafungiwa na zina daftari lake, kila mililita inayotoka iandikwe, na mkihesabu muwe wawili.