Miwani ya 3D ya nyekundu na samawati: inavyokatwa, na kwa nini picha hujirudia

Kwenye stesheneri za karibu na Soko Kuu, Arusha, omba kava za baindingi zinazopitisha mwanga: moja nyekundu, moja ya samawati inayoelekea kijani. Bluu tupu inafaa, ila rangi za filamu zitapauka. Kata vipande vya sm 4 kwa 5. Fremu itoke kwenye boksi gumu; kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine iwe kama sm 6.5. Bandika kwa selotepu, pembeni tu. Nyekundu ikae jicho la kushoto. Ukizigeuza, kilicho mbele kitarudi nyuma, na kichwa kitakuuma.

Jaribu kabla ya kuita watoto. Andika neno jekundu kwenye skrini nyeupe ya simu, vaa miwani, fumba jicho la kulia. Neno likionekana bado, plastiki ni nyepesi: ongeza tabaka la pili. Kwa jicho la kulia, neno hilohilo liwe jeusi. Picha ikijirudia hata hivyo, tafuta faili kubwa zaidi. Video iliyobanwa sana hupoteza rangi kwanza.

Miwani hii haifai kwa michezo ya 3D ya 1987 ya Sega Master System, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Ile ilikuwa na miwani ya umeme inayoziba macho kwa zamu, ikienda sambamba na TV ya chogo. Kwenye TV bapa picha huchelewa kidogo, zamu zinapishana, unaona mbilimbili. Na mashine ya PAL (mfumo wa TV uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika) hutoa picha 50 kwa sekunde, yaani 25 kila jicho: itapepesa.